Sare tatu: mbili walishangilia, ya tatu wakalia. Naomba kueleweshwa kuhusu Kerala na Ranji Trophy

Mvuvi_wa_Kochi (3 Machi 2025)

Habari zenu wakuu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa mpira wa miguu. Kriketi nimeikuta huku Kochi, jimbo la Kerala, India, nilikokuja kusomea mambo ya uvuvi, na mwaka wangu wa kwanza wote nilikuwa naiona kama kundi la watu waliovaa nguo nyeupe wanasubiri basi ambalo haliji. Watakaokwazika wanisamehe. Hata hapa Kerala kwenyewe mpira wa miguu ndio mwenye nyumba, Kombe la Santosh la majimbo wamelibeba mara saba, kwa hiyo sikujiona mgeni.

Mambo yamebadilika mwezi uliopita. Mwenzangu wa chumba ni mtu wa Thalassery, kaskazini huko, mji ambao wenyeji wake wanakuapia kwamba kriketi ya Kerala ilianzia kwao. Mwanzoni mwa Februari akaanza kukwepa maabara. Kila asubuhi anaiegemeza simu kwenye kikombe cha bati, anakaa kitandani miguu ameikunja, hagusi hata chai. Kumbe timu ya jimbo imeingia robo fainali ya Ranji Trophy, kombe la kriketi la timu za ndani ya India, inacheza na Jammu na Kashmir kule Pune.

Siku ya tatu asubuhi nimekaa zangu nafua soksi, nasikia yowe. Mlinzi wa hosteli akapanda ngazi mbio akidhani mtu kapigwa na umeme. Wapinzani walikuwa wamepata mikimbio 280 (mikimbio ndiyo magoli ya huku). Kerala walikuwa 200, wiketi tisa zimeshaanguka, yaani wapigaji tisa wametolewa na ya kumi ikianguka zamu imekwisha, amebaki mtu wa mwisho, Basil Thampi, ambaye kazi yake ni kurusha mpira, si kupiga. Mwenzake upande wa pili ni Salman Nizar, naye wa Thalassery. Hao wawili wakaongeza mikimbio 81 peke yao. Kerala 281. Mmoja zaidi!

Nikamuuliza, "Mmeshinda?" Akasema bado, mechi ina karibu siku tatu mbele. Sasa yowe la nini? Siku ya tano ikaisha sare, na Kerala wakapita.

Nusu fainali ikawa Ahmedabad na Gujarat, kwenye ule uwanja wa Narendra Modi ambao ni mkubwa kuliko viwanja vyote vya kriketi duniani, siku ile viti vingi vitupu. Safari hii nikakaa naye. Kerala walikuwa na 457. Asubuhi ya siku ya tano Gujarat wanaanza wakiwa 429 kwa wiketi saba, wanataka 29 tu watangulie. Wakasogea taratibu mpaka 455, wiketi moja mkononi. Mpigaji akaufyatua mpira kwa nguvu, ukagonga helmeti ya Salman Nizar (yule yule!) aliyekuwa amechuchumaa mbele ya uso wa mpigaji, ukaruka juu kama embe lililotikiswa mtini, nahodha Sachin Baby akaudaka nyuma. 457 kwa 455. Nilijikuta nimesimama juu ya kitanda cha mwenyewe, na mimi hata sheria sizijui. Mechi ikaisha sare tena, wakapita tena, fainali ya kwanza katika historia yao.

Fainali wamecheza Nagpur na Vidarbha. Vidarbha 379. Kerala 342, wote nje. Hiyo ilikuwa Ijumaa jioni, siku ya tatu. Jamaa akaigeuza simu kifudifudi, akalala na viatu. Nikamwambia kwa upole, mbona kuna siku mbili nzima, mpira unadunda. Akanitazama kama ninavyowatazama mimi wanaosema offside ni uonevu. Jana Jumapili mechi imeisha sare. Vidarbha wamebeba kombe, na jamaa machozi yamemtoka kabisa. Ilikuwa Ramadhani ya kwanza, tumefuturu wawili kimya, tende naisikia ikitafunwa.

Sasa wakuu. Sare tatu. Kwenye karatasi matokeo ni yale yale. Mbili ni furaha, moja ni msiba. Mtu anafungwaje kwenye sare? Na kwa nini yeye alijua Ijumaa jambo ambalo mimi nimelijua Jumapili? Kumuuliza mwenyewe siwezi kwa sasa, hajakaa vizuri.

---

Kikombe_cha_Tangawizi

Hapo kwenye kusubiri basi umenimaliza 😂 Ila mkuu, umeshasimama juu ya kitanda. Basi limeshafika hilo, umeshapanda.

---

MzeeWaVijiti

Kijana, karibu kwenye mchezo. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaojiita wataalamu, kwa hiyo nitakujibu taratibu.

Katika mechi hizi za siku nyingi kila timu inapiga mara mbili, zamu nne jumla. Ili ushinde ni lazima uwatoe wapinzani wako mara mbili na jumla yako iwazidi. Mikimbio mingi peke yake haikupi kitu kama saa imekwisha na wao bado wana mtu amesimama na beti. Ndiyo maana sare ya kriketi si kama sare yako ya mpira wa miguu, bao moja kwa moja. Ni mechi ambayo haikumalizika. Kati ya mataifa wanaiacha hivyo hivyo, wanapeana mikono, wanaenda kunywa chai.

Lakini Ranji ina mtoano. Mmoja lazima aende mbele. Penalti hakuna, na marudiano hayana nafasi: msimu huu timu ni 38, 32 kati yao ziko daraja la juu katika makundi manne ya timu nane nane, sita ziko daraja la chini. Msimu wenyewe wameukata vipande viwili, Oktoba na Novemba, kisha Januari, katikati wakaweka mashindano ya mechi fupi. Hiyo nafasi ya kurudia mechi ya siku tano utaipata wapi? Basi wanaangalia zamu ya kwanza. Zamu ya kwanza ya huyu na zamu ya kwanza ya yule, aliyezidi ndiye anayepita, hata kwa mkimbio mmoja. Kwenye fainali ndiye anayebeba kombe.

Na jambo hili halianzi kwenye mtoano. Kwenye makundi ukishinda unapata pointi 6, ukishinda kwa zamu nzima (zamu yako moja imezidi zao mbili) au kwa wiketi zote kumi unapata 7. Mkienda sare, aliyetangulia zamu ya kwanza anapata 3, mwenzake 1. Sasa jiweke wewe ni nahodha wa Kerala, umepangwa kundi moja na Haryana, Bengal, Karnataka, Punjab, Madhya Pradesh na wengine. Huna magwiji. Utaishije humo? Utaishi kwa zile 3. Timu ya namna hiyo inajifunza kitu kimoja kabla ya vyote: usitoke. Mtu wa tisa asitoke, mtu wa kumi asitoke, mrushaji naye alale pale. Zile 81 za Salman Nizar na Thampi hazikuwa bahati, ni tabia. (Nizar mwenyewe hakutolewa, alimaliza na 112.)

Sasa swali lako la Ijumaa. Mwenzako alipoona 342 alihesabu hivi: Vidarbha wako mbele kwa 37, kwa hiyo hawahitaji kushinda. Wanahitaji kuwepo tu. Kerala ndio wanaolazimika kuwatoa wote kumi, haraka, halafu wao wenyewe wapige kufukuzia jumla, yote ndani ya siku mbili, kwenye uwanja ambao haukuwa na sumu kwa mpigaji. Na Vidarbha wakafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya, wakapiga na kupiga. 375 kwa wiketi tisa, manahodha wakapeana mikono. Mechi iliisha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zilikuwa za taratibu za mazishi.

Nikuambie ninavyoona mimi mahali kombe lilipodondoka. Sachin Baby alikuwa na 98. Nahodha, mtu mzima, miaka mingi anaibeba timu hii begani. Kerala wanahesabika wanaweza kuwafikia Vidarbha. Akaupiga mpira juu, kutaka pigo kubwa, ukadakwa. Wengi watakuambia alikuwa anafukuzia mia yake. Mimi sidhani. Mtu aliyekaa muda ule wote akiuzuia mpira kuna wakati mkono unachoka kusubiri, unaamua wenyewe. Baada yake waliongeza kidogo tu, wakaisha.

---

Binti_wa_Machungwa

Habari zenu. Naona hapa Kerala imepata wafiwa wengi, acha niwe sauti ya walioshinda 🍊

Mimi nilisoma Nagpur, miaka minne, na hilo jina nimelichukua huko kwa sababu mji ni wa machungwa. Kaka Mvuvi, kitu cha kwanza ujue: Vidarbha siyo jimbo. Ni upande wa mashariki wa jimbo la Maharashtra. Jimbo hilo moja lina timu tatu kwenye Ranji: Mumbai, Maharashtra yenyewe yenye makao Pune, na sisi. Gujarat ni vile vile, wana Gujarat, Baroda na Saurashtra. Mipaka ya kriketi ilichorwa kabla ya hii ya serikali za sasa na hakuna aliyeigusa. Kwa hiyo mtu wa Nagpur akiifunga Mumbai anasikia raha ambayo mtu wa nje hawezi kuielewa, ni kama mdogo mtu kumpita kaka yake mbele ya wageni. Na kumbuka hiyo ndiyo nusu fainali yetu ya safari hii. Tuliifunga Mumbai kwa mikimbio 80. Tuliifunga, sikusema tulitoka nayo sare.

Pili, mwambie mwenzako pole, lakini hili si geni kati yetu. Robo fainali ya kwanza kabisa ya Kerala ilikuwa msimu wa 2017–18, wakakutana na nani? Vidarbha. Nusu fainali yao ya kwanza, msimu uliofuata, kule Wayanad, nyumbani kwao, wakakutana na nani? Mrushaji wetu Umesh Yadav aliwatoa 106 zamu ya kwanza na 91 ya pili, akachukua wiketi 12 peke yake, mechi ikaisha siku ya pili. Misimu yote miwili sisi ndio tulibeba kombe. Sasa fainali yao ya kwanza, 2025, na tena ni sisi. Hili ni kombe letu la tatu, na yote matatu tumepita juu ya Kerala.

Na kuna kitu nimekiona jana nikikaa na karatasi, nikacheka mwenyewe. Ile robo fainali ya 2017 tuliwafunga kwa mikimbio 412. Jana, mechi iliposimamishwa, chukua zile 37 za zamu ya kwanza ujumlishe na 375. Fanya mwenyewe.

Ila kwa haki ya Mungu Kerala walicheza. Tulianza na 24 kwa wiketi tatu. Pale moyo wangu ulikuwa mdomoni. Ndipo wakasimama Danish Malewar, kijana wa miaka 21, msimu wake wa kwanza, na Karun Nair, wakaongeza 215 pamoja. Malewar akafika 153.

Huyo Nair naye ana kisa chake. Wazazi wake asili yao ni Kerala. Alikulia Karnataka, mwaka 2016 akaipigia India 303 bila kutolewa dhidi ya Uingereza kule Chennai, kisha akasahauliwa, mpaka Karnataka wenyewe wakamweka pembeni. Mwisho wa 2022 aliandika mtandaoni akiiomba kriketi, kriketi yenyewe kama mtu, impe nafasi nyingine moja. Mwaka uliofuata akaja kwetu. Kwenye fainali 86 zamu ya kwanza na 135 ya pili, na alipofika mia akainua vidole tisa, kwa sababu ilikuwa mia yake ya tisa msimu huu kwenye mashindano yote. Kerala walimwangusha kwenye slipu, pale wanaposimama wadakaji nyuma ya mpigaji, zamu ya pili, mpira ukaingia mikononi ukatoka. Damu yao wenyewe, na wakaiangusha.

---

Mvuvi_wa_Kochi

Mzee, shikamoo. Nimesoma jibu lako mara mbili, na "wanahitaji kuwepo tu" nimeiandika kwenye daftari. Dada Binti, asante, ingawa umenitia chumvi kwenye kidonda ambacho si changu. 37 na 375 nimezijumlisha. Sijamwonyesha. Bado.

Nina mengine mawili matatu. Ule mpira uliogonga helmeti: kuna jamaa wa Gujarat kwenye ghorofa yetu anasema zamani ule usingekuwa nje, na kwamba wamedhulumiwa. Kweli?

Halafu kuna mtu anaitwa Aditya Sarwate. Yeye ndiye aliyerusha mpira ule wa helmeti, na kwenye fainali alipiga 79 za Kerala. Jana natazama picha za wachezaji wa zamani wa Vidarbha, namkuta amevaa jezi yao. Huyu ni wa nani hasa? Na hawa watu wanalipwa na nani? Maana nilidhani timu ya jimbo ni kama timu ya mkoa ya umitashumta, unapewa nauli na soda.

---

MzeeWaVijiti

Marahaba.

Jirani yako wa Gujarat anasema kweli nusu. Zamani mpira ukigonga helmeti ya mdakaji aliyeivaa, hata ukidakwa baadaye, mpigaji hakutoka. Sheria zilipoandikwa upya mwaka 2017 walilibadilisha hilo, sasa helmeti iliyo kichwani inahesabika kama sehemu ya mwili wake. Kwa hiyo wamedhulumiwa na kalenda. Miaka minane imepita, alikuwa na muda wa kusoma.

Kuhusu malipo. Soda zipo pia, lakini hii ni kazi. Mchezaji wa Ranji hana mkataba wa mwaka kutoka Bodi ya Kriketi ya India kama walivyo nao wale wa timu ya taifa. Analipwa kwa siku ya mechi. Aliyecheza mechi zaidi ya 40 analipwa rupia 60,000 kwa siku, wa kati ya 21 na 40 analipwa 50,000, na wa chini ya hapo 40,000. Aliye benchi anapata nusu. Sasa rudi kwenye ule mkimbio mmoja wa Pune. Robo fainali, nusu fainali, fainali, kila moja ni siku tano. Kerala wangetolewa pale Pune, Sachin Baby angekosa siku kumi za kazi, rupia laki sita. Mtoto kama Malewar upande wa pili, kiwango cha chini kabisa, lakini siku kumi hizo hizo ni laki nne. Mtu wa kumi anaposimama na beti mbele ya mrushaji mwenye kasi, siyo heshima ya jimbo peke yake inayomshikilia pale. Kuna ada za watoto pia.

---

Beki_Tatu

Naomba nipinge kidogo. Mimi naifuatilia Ranji muda mrefu na sheria hii naiona inaua mchezo. Kwenye fainali siku mbili za mwisho hapakuwa na mechi. Timu moja imekaa juu ya 37 kama kuku juu ya mayai, nyingine inarusha mpira kwa adabu. Fainali ya nchi yenye watu wengi kuliko zote, inaishia kwa watu kupeana mikono kabla ya jua kuzama. Kama mnataka mshindi, wapeni siku ya sita. Wekeni uwanja unaokatika, mpira uzunguke. Chochote.

---

Binti_wa_Machungwa

Beki, siku ya sita ingewasaidia Kerala nini? Tulikuwa mbele kwa 412 na bado tunapiga. Tungefunga zamu, tukawatoa, mwenzake Mvuvi angelia Jumatatu badala ya Jumapili. Mrushaji wetu Harsh Dubey alikuwa na wiketi 69 msimu huu, hakuna aliyewahi kuchukua nyingi kiasi hicho kwenye msimu mmoja wa Ranji tangu ianze mwaka 1934. Unadhani angekosa usingizi kwa ajili ya siku moja zaidi?

Na ukitaka kuifuta hiyo sheria, ifute kuanzia Pune. Jammu na Kashmir waliwaachia Kerala 399 za kufukuzia siku ile, Kerala wakafika 295 kwa wiketi sita na saa ikaisha. Siku ya sita pale nani angepita? Sijui, na wewe hujui. Sheria iliyowabeba kwa mkimbio mmoja, kisha kwa miwili, ndiyo iliyowatua kwa 37. Mimi sioni dhuluma hapo.

Kaka Mvuvi, kuhusu Sarwate, huyo ni mtoto wetu wa kuzaliwa. Fainali ya 2018–19 alichukua wiketi 11 akatupa kombe, tukamfunga Saurashtra, na mpigaji wao Pujara akamtoa yeye Sarwate zamu zote mbili. Msimu huu kahamia Kerala. Huku inaruhusiwa, timu inachukua wachezaji wachache wa nje, wenyewe wanawaita maprofesheno, mtu anaomba barua ya kuruhusiwa kwao anaondoka. Kerala walikuwa naye Sarwate, Baba Aparajith wa Tamil Nadu, na Jalaj Saxena wa Madhya Pradesh, ambaye Novemba alikuwa mtu wa kwanza kufikisha mikimbio 6,000 na wiketi 400 kwenye Ranji. Watu wa Nagpur hawakumzomea Sarwate. Alipofika hamsini dhidi yetu niliona wengine wanampigia makofi, na mimi nyumbani nilipiga kidogo. Kidogo tu.

---

Beki_Tatu

Hoja ya Pune naikubali, sikuwa nimeikumbuka. Hoja ya uwanja siiachii.

---

MzeeWaVijiti

Uwanja nakubaliana nawe, Beki. Lakini usisahau kwamba kwa timu ndogo sare ndiyo shule. Kerala wameanza kucheza Ranji kwa jina hilo msimu wa 1957–58, kabla ya hapo waliitwa Travancore-Cochin. Kutoka 1957 mpaka robo fainali ya kwanza ni miaka sitini. Muda mwingi wa hiyo sitini walikuwa wanafungwa, na kufungwa vibaya. Timu haiamki asubuhi ikaanza kushinda. Kwanza inajifunza kutofungwa, hapo ndipo sare inapopata thamani, kisha inajifunza kutangulia. Kerala wa msimu huu wamefika hapo pa pili, na bila nyota wao Sanju Samson ambaye kidole kilivunjika akiwa na timu ya taifa. Mimi naona wamepiga hatua kubwa kuliko Vidarbha msimu huu, kombe liko Nagpur lakini hilo nalisema.

Binti, najua utanijibu. Sawa.

---

Binti_wa_Machungwa

Mzee wangu, kwa heshima yako leo nanyamaza. Leo tu.

---

Mvuvi_wa_Kochi

Wakuu, taarifa.

Leo mchana jamaa kaamka vizuri. Nikaona ni wakati, nikamsomea majibu yenu nikitafsiri polepole kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. La mzee kuhusu 98 ya Sachin Baby alilisikiliza macho yameangalia dirishani, akasema mzee huyo anajua, mkono ndio ulioamua. La siku kumi za kazi hakuwa amewahi kulifikiria, akatoa kalamu akaanza kuhesabu ya Salman Nizar, kwa sababu wanatoka mji mmoja na sasa anajiona kama mhasibu wake. Akaniambia pia kisa cha mlinda wiketi wao Mohammed Azharuddeen, aliyepiga 177 pale Ahmedabad bila kutolewa: kaka yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa ajili ya nahodha wa zamani wa India, na hata kuandika jina vizuri mtoto hajajua tayari kashapangiwa kazi. Hapo akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Kisha nikafanya kosa. Nikamsomea 37 na 375.

Alikaa kimya muda. Akazijumlisha kwa vidole, nadhani hakuniamini. Halafu akafungua simu, akatafuta karatasi ya mechi ya Surat ya 2017, akajumlisha upya, 246 na 507, akatoa 176, akatoa 165. Ikaja 412. Akaiweka simu chini akaniuliza huyo dada wa Nagpur ni nani, amejuaje. Nimemwambia simjui, tumekutana hapa hapa.

Dada Binti, anasema ana maneno na wewe kuhusu zile 24 kwa wiketi tatu. Ameomba nimtafsirie, ila baada ya futari, kwa sasa ana njaa na hataki kukosea.